MAISHA YA MUNGANGA PAUL BRAND, MUTENGENEZAJI WA MIKONO



Ukurasa huu wa gazeti letu unaletaka maisha ya watu wakubwa waliokufa zamani. Tunajua wengi wenu mulikuwa mukingojea jenerali ao rais fulani. Safari hii tumechagua mutu ambaye silaha yake ilikuwa kisu kidogo cha hospitali, sindano na uzi. Jina lake ni Paul Brand. Alikuwa mumoja wa wanganga wa kwanza waliopasua mikono ya wagonjwa wa ukoma kusudi ifanye kazi tena. Mbele yake watu walizani mukono wa namna ile umekufa, na hakuna cha kufanya.

Tulimuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi hapa tunasalimiana kwa mukono kila asubuhi, na hatufikiri hata kidogo juu ya kitu kile tunachoshika. Pili, ugonjwa aliopigana nao haujaisha. Inchi yetu ya Kongo ingali kati ya zile zinazopata wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Kwa hiyo musisome kama hadisi ya mbali.

1. UTOTO WA MULIMANI

Paul Brand alizaliwa tarehe 17 Julai 1914, kusini mwa India. Wazazi wake, Jesse na Evelyn Brand, walikuwa Waingereza, wamisionere. Walikaa katika milima ya Kolli, pahali pa homa nyingi. Baba alihubiri, alijenga nyumba, na alitoa dawa, hata kama hakuwa munganga wa diploma. Paul na dada yake Connie walicheza na watoto wa kule na kupanda miti.

Siku moja wanaume watatu wenye ukoma walifika kutafuta dawa. Mama aliwapeleka watoto ndani ya nyumba. Baba alivaa mifuko ya mikono, akawaosha vidonda, akavifunga. Walipokwenda, watoto wakakatazwa kucheza pale wageni walipokaa. Angalia: hawa walikuwa watu wa huruma kabisa, lakini nao waliogopa. Huyu mutoto aliyechungulia pale ndiye atakayeshika mikono kama ile maisha yake yote.

Mwaka 1923, Paul akiwa na miaka 9, walimupeleka Uingereza kwa masomo. Baba yake hakumuona tena. Mwaka 1929 homa ya maji meusi, ile inayotoka kwa malaria, ilimuua Jesse Brand kule milimani. Paul alikuwa hajatimiza miaka 15. Mama alibaki na kazi, na kisha miaka mingi alikufa kulekule India katika mwaka 1974, akiwa muzee wa miaka 95.

2. SEREMALA ANAKUWA MUNGANGA

Paul hakupenda kabisa kazi ya unganga. Vidonda, usaha na damu alivyoviona kwa baba vilimuchukiza. Yeye alitaka kujenga, sawa baba yake alivyojenga. Basi alitoka masomoni akaingia kazini kujifunza useremala na ujenzi. Kwa miaka kadhaa alishika randa, nyundo na musumeno. Alijifunza kupima mbao, kuona njia ya nyuzi za muti, na kujua kwa vidole kama kitu kimenyooka.

Tunawaomba ninyi munaocheka wenzenu wa masomo ya ufundi mungoje kidogo. Hii miaka ya randa haikupotea, tutaona.

Ili arudi India sawa mujenzi wa misioni, alifuata mafundisho ya mwaka mumoja ya unganga kidogo wa inchi za joto. Hapo, katika hospitali moja ya London, walileta usiku mwanamuke aliyepoteza damu nyingi. Alikuwa mweupe kama karatasi, na Brand alizani amekwisha kufa. Wakamutia damu ya mutu mwingine. Pole pole rangi ikarudi, mapigo ya moyo yakasikika, mwishowe akafungua macho na kuomba maji. Kijana Brand alisimama pale kama mutu aliyeona kaburi linafunguka. Kutoka siku ile hakukimbia damu tena.

Mwaka 1937 aliingia shule ya wanganga ya University College Hospital, London. Ndipo vita ya pili ya dunia ilipoanza. Katika 1940 na 1941 ndege za Wadachi zilitupa mabomu juu ya muji karibu kila usiku. Wanganga vijana walishona watu mupaka asubuhi: mikono iliyopasuliwa na vioo, vidole vilivyofinywa na kuta. Kwa njia hii Brand alijifunza upasuaji haraka. Mwaka 1943 alioa munganga mwenzake, Margaret Berry, ambaye baadaye alikuwa fundi mukubwa wa macho ya wagonjwa wa ukoma. Walipata watoto sita.

3. MUKONO ULIOFINYA SANA

Mwisho wa 1946 Brand alirudi India, kufundisha upasuaji katika shule ya wanganga ya Kikristo ya Vellore, ile iliyotoka katika kazi ya mama munganga Ida Scudder. Mwaka uliofuata alitembelea makao ya wagonjwa wa ukoma ya Chingleput, yaliyoongozwa na munganga Robert Cochrane, fundi wa dawa za ugonjwa ule.

Walipotembea kati ya wagonjwa, Brand alitazama mikono tu. Vidole vingi vilijikunja kama makucha ya ndege. Vingine vilikuwa vifupi, vingine havikubaki. Aliuliza ni munganga gani wa mifupa amekwisha kujifunza mikono hii. Jibu: hakuna hata mumoja. Wakati ule kulikuwa wanganga wa mifupa kwa ajili ya kila aina ya ajali, lakini kwa wakoma, ambao ni mamilioni, hakuna.

Brand alimuomba kijana mumoja amufinye mukono kwa nguvu. Alizani ataguswa kidogo tu, kama na mukono wa mutu aliyepooza. Lakini yule kijana alimufinya mupaka akaumia, mupaka akataka kulia! Pale pale wazo lilimuingia: kama mukono huu unafinya hivi, basi si musuli yote iliyokufa. Iko nguvu ndani yake, lakini iko pahali pabaya.

Wapenzi wasomaji, tunazani upasuaji wote wa Brand ulitoka katika ile salamu moja. Kama angalikataa kumushika yule kijana mukono, hangalijua kitu.

4. NAMNA GANI MUKONO UNATENGENEZWA

Hapa tunaomba wale wasiopenda biolojia wavumilie kidogo.

Vidole vyetu vinavutwa na kamba ngumu, nyeupe, zinazoitwa kano. Musuli iko juu, kati ya kiwiko na kiganja. Kano zinashuka kutoka pale mupaka vidoleni, kama kamba za breki ya kinga zinazotoka kwenye usukani mupaka gurudumu. Ndani ya kiganja chenyewe kuna musuli mingine midogo, yenye kazi ya kunyoosha vidole vizuri na kuleta kidole gumba mbele ya vingine. Ni hii midogo inayotuwezesha kushika biki na kufunga kifungo cha shati.

Sasa, musuli haifanyi kitu bila mushipa wa kuiamuru. Brand na wenzake walipima mikono mingi sana Chingleput, kidole kwa kidole, na waliona kwamba uharibifu unafuata njia moja. Mikrobe ya ukoma inapenda pahali penye baridi kidogo, pale mushipa unapopita karibu na ngozi. Inaharibu mushipa wa nyuma ya kiwiko (ule ukigonga kiwiko unasikia kama umeme), na ule wa katikati ya kifundo cha mukono. Musuli midogo ya kiganja inakufa. Lakini musuli mikubwa ya juu inapata amri yake mbele ya pale palipoharibika, na inabaki na nguvu. Kwa hiyo inavuta vidole peke yake, bila wa kuizuia, na mukono unakuwa kama makucha.

Basi dawa ni gani? Kuhamisha nguvu. Kila kidole, kuacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Moja inatosha. Munganga anakata ile ya pili katika kidole kimoja, anaivuta mupaka kiganjani, anaipasua vipande, halafu anapitisha kila kipande katika njia ya musuli uliokufa na kuishona upande wa nyuma wa kidole. Njia hii ilijulikana mbele kwa mikono iliyopooza kwa sababu zingine. Brand aliileta kwa wakoma. Baadaye yeye mwenyewe alitengeneza njia nyingine: alichukua musuli wa kunyanyua kifundo cha mukono, akairefusha kwa ukano mwembamba uliotolewa muguuni, akaugawanya kuwa na mikia mine, mukia mumoja kwa kila kidole.

Munaona sasa ile miaka ya useremala? Kano ikivutwa sana, kidole kinakakamaa. Ikilegea, hakifanyi kitu. Kupima ule mukazo ni kazi ya vidole vya fundi, haipatikani katika kitabu.

Operasio za kwanza alizifanya mwaka 1948. Hazikuwa rahisi. Watu wengi waliogopa kulala karibu na wakoma, na pahali pa kuwapasua palikuwa haba. Wengine walisema nyama ya mukoma ni mbaya, haiwezi kupona. Brand alichagua kijana mumoja ambaye mikono yake ilikuwa mibaya sana, hata ikishindikana hatapoteza mengi. Walimupasua, wakafunga mukono na plasta, wakangoja. Plasta ilipofunguliwa, kidonda kilikuwa kimepona sawa cha mutu yeyote.

Lakini kazi ilikuwa bado. Mugonjwa anapashwa kujifunza mukono wake upya. Anafikiri kukunja katikati ya kidole kimoja, na tazama, kinachofuata ni kiungo kingine! Akili yake inatuma amri kwa anwani ya zamani. Kila siku walimufanyisha mazoezi, kama mutoto anayejifunza kuandika. Kijana akaanza kushika chakula kwa vidole vyake, jambo ambalo hakuliweza tangu miaka.

5. MUKONO MUZIMA, KAZI HAKUNA

Hapa hadisi ingaliweza kwisha, na sisi tungalipiga makofi. Haikuwa hivi.

Wagonjwa walirudi kwa Brand na mashitaka. Mikono ni mizuri, walisema, lakini njaa imezidi! Mbele, walipokaa njiani na makucha yao, wapitaji waliwahurumia na kuwapa feza. Sasa mikono haitishi mutu tena, hakuna wa kuwapa, na vilevile hakuna wa kuwaandika kazi, maana alama za ukoma zilibaki usoni na kila mutu aliwakimbia.

Brand alielewa kwamba kupasua mukono ni nusu ya kazi. Mukono unatengenezwa kwa ajili ya kitu fulani. Katika mwaka 1951, karibu na Vellore, walijenga kijiji kidogo cha nyumba za udongo, kikaitwa Kituo cha Maisha Mapya. Kule wagonjwa waliopasuliwa walijifunza ufundi, na mwalimu wa useremala alikuwa munganga Brand mwenyewe. Walichonga vitu vya michezo ya watoto na kuviuza. Mutu aliyekuwa akiomba alianza kupata feza ya jasho lake.

Kati ya wanganga wa Vellore alikuwako mwanamuke Muhindi, Mary Verghese. Ajali ya gari ya mwaka 1954 ilimupoozesha miguu. Wengi wangalimuhesabu kuwa amekwisha. Brand alimutia moyo, na yule mama akajifunza kupasua mikono ya wakoma akiwa anakaa katika kiti cha magurudumu. Miguu yake haikutembea, lakini alipatia wengine mikono.

6. ADUI ALIYEJIFICHA

Jambo jingine lilimusumbua Brand. Vidole vinapotea namna gani? Watu wote walizani ugonjwa unakula nyama na vidole vinaanguka vyenyewe kama matunda. Brand hakuona vile. Alianza kuchunguza sawa mupolisi.

Siku moja alishindwa kufungua kufuli yenye kutu. Kijana mumoja mugonjwa akaja, akazungusha ufunguo mara moja, kufuli ikafunguka. Brand alishangaa nguvu zile, kisha akaona damu: ufunguo ulikuwa umekata kidole mupaka mufupa, na kijana hakujua. Wengine walitoa chungu motoni kwa mikono mitupu. Wengine walishika nyundo yenye mupini uliopasuka. Tena kulikuwa asubuhi ambapo mugonjwa aliamuka na kipande cha kidole hakipo. Walilinda usiku, wakamukamata mwizi: ni panya! Aliuma vidole vya mutu aliyelala, na yule hakusikia. Kutoka siku zile, kila mugonjwa aliyekwenda nyumbani alipewa paka.

Basi fumbo lilifunguliwa. Ukoma unaua kusikia, na kisha mutu anajiharibu mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku, bila kujua. Munganga anaweza kuhamisha kano, lakini kusikia kuliko kufa hakuwezi kurudisha. Ndiyo sababu walifundisha kila mugonjwa kutazama mikono na miguu yake kila mangaribi, kushika vyombo vya moto kwa kitambaa, kuvaa viatu vizuri. Macho yanapashwa kufanya kazi ya maumivu.

Jambo hili alilijua hata katika mwili wake. Safari moja akitoka Marekani alifika London amechoka kabisa. Akavua soksi, akaona hasikii kitu kwenye kisigino. Alichukua sindano, akajichoma. Hakuna maumivu. Usiku ule hakulala. Aliwaza mukewe na watoto, namna atakavyotengana nao, na kazi yake itakavyoaibika. Asubuhi akajichoma tena, akaruka kwa uchungu! Mushipa ulikuwa umebanwa tu alipokaa muda murefu katika treni. Munganga yule alimushukuru Mungu kwa maumivu, na toka siku ile aliwaelewa wagonjwa wake zaidi.

7. MIAKA YA MWISHO

Kazi yake ilijulikana pote. Mwaka 1952 aliitwa kufundisha mbele ya wapasuaji wakubwa wa London juu ya mikono ya wakoma. Mwaka 1960 alipewa zawadi ya Albert Lasker, na mwaka 1961 Malkia wa Uingereza alimupa nishani ya CBE. Mwaka 1966 alihamia Marekani, katika hospitali ya wakoma ya Carville, Louisiana. Pale alifundisha namna ya kulinda miguu, na mafundisho yale yalisaidia hata wagonjwa wa sukari, maana nao wanapoteza kusikia miguuni.

Pale pale alijaribu pamoja na wenzake kutengeneza maumivu ya mashine: mifuko ya mikono yenye vyombo vidogo vya umeme, vinavyopiga kelele ao kumushitua mutu akishika kitu kwa nguvu nyingi. Walitumia miaka na feza nyingi. Ikashindikana. Vyombo viliharibika upesi, na zaidi ya yote, mugonjwa akitaka kumaliza kazi yake alizima mashine! Kile tunacholia kwacho kila siku tukijikwaa, mafundi wote wale hawakuweza kukitengeneza.

Paul Brand alikufa Seattle tarehe 8 Julai 2003, akiwa na miaka 88.

8. NA SISI?

Tunaona mambo matatu yanayotuhusu.

La kwanza ni la afya. Ukoma si laana, si urozi, si wa kuzaliwa nao. Ni mikrobe, iliyoonwa na munganga Hansen wa Norvege mwaka 1873, na watu wengi sana wana nguvu ya kuishinda mwilini. Dawa iko: vidonge vya aina tatu pamoja, kwa miezi 6 ao 12 kufuata namna ya ugonjwa, bila kulipa. Basi mwanafunzi akiona doa kwenye ngozi lisilosikia hata ukilichoma na muba, asifiche, asilipake mafuta ya soko. Aende kituo cha afya upesi, mushipa ungali muzima. Kisu cha Brand ni cha wale waliochelewa.

La pili ni la wale waliokwisha kupona. Katika vijiji vyetu wako wazee wanaokunywa dawa zote na kumaliza, lakini vidole havikunyooka. Ugonjwa hauko tena, na hawaambukizi mutu. Hata hivi sahani yao ingali inatengwa, na kiti chao kinakaa peke yake. Likizo inakuja, kila mumoja wetu atarudi kwao. Tunauliza tu: nani kati yetu atatangulia kumupa muzee wa namna ile mukono?

La tatu ni la wenzetu wa ufundi. Musiinamishe kichwa mbele ya wale wa sayansi. Mupasuaji huyu alitoka kwenye meza ya randa.

Kwa wenzetu wa kalasi ya mwisho, tunaotazamia mutihani wa Leta, tunasema tushike biki yetu kwa shukrani. Kuna watu waliopasuliwa, wakafungwa plasta, wakafanya mazoezi miezi, ili waishike tu.